Mawe Mawili Katika Mfuko Mmoja

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na udahili wa vyuo vikuu unapofunguliwa, kuna swali linalozunguka majumbani na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Huyu aliyesoma Uganda, au huyu mwenye cheti cha Cambridge, anaingiaje chuo kimoja na mwanangu aliyefanya mtihani wa NECTA? Mzazi mwingine naye huuliza: mwanangu amefaulu nje, kwa nini aambiwe cheti chake kilinganishwe kwanza? Leo tulitafakari jambo hili kwa utulivu, maana linagusa haki ya watoto wetu.

Tuanze na Neno. Katika Mambo ya Walawi sura ya 19, mstari wa 33 na 34, Mungu anawakataza watu wake kumwonea mgeni, na kuwaagiza wampende kama mwenyeji. Mstari wa 35 na 36, unaofuata papo hapo, unadai mizani ya haki na vipimo vya haki. Amri hizi mbili zimekaa jirani, nasi tunajua sababu yake. Mgeni ndiye anayepunjwa kwanza sokoni, kwa kuwa havijui vipimo vya mahali. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inaongeza kwamba mtu asibebe mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na jingine dogo.

Wewe unayekaa Mtendeni, au kokote hapa Tabora, una sababu ya kulielewa hili. Mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikaenda Ujiji au ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Lakini mkono wa nani? Mwenye mkono mrefu na mwenye mkono mfupi wote walisema "mkono mmoja", na kitambaa hakikulingana.

Vyeti viko hivyo hivyo. Kijana wa Kongo hupewa matokeo ya mtihani wa taifa kwa asilimia, na kwao 50 ni kufaulu. Ukimwona na 58 ukamdharau, umempima kwa mkono wako. Cambridge wana A yenye nyota juu ya A ya kawaida, NECTA hawana. Kijana wa Kenya aliyesoma mfumo wa 8-4-4 hana kidato cha sita kabisa: amesoma miaka 12, wakati wetu husoma 13. Je, ahesabiwe wa kidato cha nne au cha sita? Kabla hujajibu, kumbuka kwamba Sera yetu ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 6. Watoto wetu nao watafika chuo wakiwa na miaka 12. Hesabu ya miaka peke yake haitoshi kuwa kipimo.

Tena hata cheti chetu wenyewe huhitaji kutafsiriwa. Ili kusoma shahada, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hudai ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4 kidato cha sita. Lakini mwaka 2014 na 2015 madaraja yalikuwa na B+, kwa hiyo C ya miaka hiyo ina pointi 2. C ya mwaka 2016 ina pointi 3. Herufi ni ileile na baraza ni lilelile, lakini uzito ni tofauti. TCU huwawekea wahitimu wa miaka ile hesabu yao, na hakuna anayesema wamependelewa.

Basi NECTA wanapolinganisha cheti cha nje kabla ya udahili, hawamtukani mwenye cheti. Wanatafuta jiwe moja la kuwapimia wote. Dhambi huingia pale tunapotaka mawe mawili. Mzazi mwenye uwezo anapodhani ada kubwa ya shule ya kimataifa imrukishe mwanawe zile pointi 4, huyo anataka jiwe jepesi. Nasi tunapotaka kijana wa nje akatwe alama kwa sababu tu cheti chake hatukijui, tunamwekea jiwe zito. Ni kweli, mtoto wa shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia ameonewa. Lakini aliyemnyima mwalimu si yule Mkongo, na kumpunja Mkongo hakutamletea maabara. Dai lake lipelekwe kwa wenye dhamana ya shule, nasi tulibebe pamoja naye.

Nathanaeli aliposikia habari za Yesu, alitilia shaka kwamba kitu chema kingeweza kutoka Nazareti. Filipo hakubishana naye, alimwalika tu aje aone. Hivyo ndivyo cheti kigeni kinavyopaswa kupokelewa: kikaguliwe, kisikataliwe kwa jina la kilikotoka, wala kisiabudiwe kwa jina hilo.

Tusisahau pia kwamba nasi tulikuwa wageni. Enzi za ukoloni na mwanzoni mwa uhuru, sekondari zetu zilifanya mitihani ya Cambridge. NECTA ilianzishwa kwa sheria mwaka 1973. Mwalimu Nyerere alitoka shule ya hapa Tabora akaenda Makerere, kisha Edinburgh, na kote huko alipokelewa akiwa mwanafunzi kutoka nchi nyingine. Huko Ulyankulu, watoto wa waliokimbia Burundi mwaka 1972 walisoma mtaala wetu, na cheti chao hakina mjadala. Walio kambini Nyarugusu, Kigoma, husoma mtaala wa nchi walizotoka. Wote wamekimbia machafuko. Kilichotofautiana ni karatasi tu. Na Mei 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, ili kijana avuke mpaka na elimu yake isishuke thamani. Tangazo hilo linatudai sisi pia.

Tufanye nini basi? Kama unampeleka mwanao shule yenye mtaala wa nje, uliza leo jinsi cheti chake kitakavyolinganishwa, usingoje wiki ya udahili. Kama kuna kijana mgeni usharikani kwenu, msaidieni kufuatilia ulinganifu mapema, hata kwa nauli na ada ya maombi. Wewe mwenye kalamu ofisini, mpe kila mwombaji kipimo kilekile, na akikosa nafasi mweleze sababu waziwazi. Na unapoomba nafasi kwa ajili ya mwanao wiki hii, mtaje pia mtoto wa jirani aliyetoka mbali. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Bwana atupe mioyo yenye jiwe moja. Jumapili njema.