Kasha la mboga si la picha za Novemba

Kila Novemba, mvua za vuli zikianza kupiga mabati ya Voi, vijana wenzangu hushikwa na homa ya kilimo. Ghafla kila ploti ya Sofia, Mwakingali na Birikani ina kasha la mbao, gunia au ndoo iliyotobolewa. Picha zinarushwa WhatsApp, na maneno ni yale yale: eti mimi na mama mboga tumeachana. Hebu pita hapo tena Februari. Kasha bado lipo, ila ndani kuna udongo uliopasuka na vifuniko vya soda.

Sisemi hivi kuwacheka. Kasha ni wazo zuri kwa mji wetu kuliko watu wanavyodhani. Zaidi ya nusu ya kaunti hii ni mbuga za Tsavo, na wengi wetu tuna shamba la familia mahali ambapo ndovu huvuna kabla ya mwenyewe. Kule Sagalla kuna wakulima walioamua kuzungushia mashamba yao uzio wa mizinga, kwa sababu ndovu huogopa nyuki. Halafu kuna mvua yenyewe. Kati ya 2020 na 2022 misimu ilikataa moja baada ya nyingine, na shamba la ekari mbili huwezi kulinywesha kwa jerikeni. Kasha unaweza. Maji uliyooshea mchele na mchicha yanalitosha jioni nzima, mradi hayana sabuni, na hakuna ndovu wa kukufuata hadi mlangoni pa bedsita.

Kosa letu ni kulitunza kana kwamba ni sherehe ya mvua. Voi ni mji mkavu unaotembelewa na mvua mara mbili kwa mwaka, basi. Novemba hata jiwe linaota. Kasha linajulikana Januari hadi Machi, jua linapokuwa kali mpaka bati linalia.

Miezi hiyo, kwanza hamisha kasha. Lipate jua la asubuhi, saa nane lifunikwe na kivuli cha ukuta. Tandaza majani makavu juu ya udongo, unene wa vidole vitatu hivi, maana udongo ulio uchi hapa hukauka kabla hujafika kazini. Mwagilia alfajiri au jua likizama. Ukimwaga maji saa sita mchana, mengi yanaondoka na joto tu. Na kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, utaona ukungu mweupe juu ya udongo. Ukipata maji matamu, mwaga mengi kwa mpigo yatoke chini na chumvi yake.

Lakini hata ukifanya yote hayo, bado kuna swali la unachopanda, na hapa ndipo ninapogombana na marafiki. Kwani lazima iwe sukuma wiki? Sukuma hupenda baridi, ndiyo maana kule Wundanyi milimani inanawiri. Kwenye joto la Februari hapa chini majani yanakuwa magumu, vidukari wanahamia, na mwenye kasha anakata tamaa kabisa. Panda kunde, mchicha au bamia, vitu ambavyo nyanya zetu walikula bila kuuliza mtu. Kunde unachuma majani machanga wiki chache tu baada ya kupanda. Sukuma yako isubiri Juni hadi Agosti, kukiwa na mawingu na upepo. Wakati huo inafanya poa, dania pia.

Udongo nao. Ule mwekundu wa nyuma ya nyumba ukiutia peke yake, ukilowa na kukauka mara tatu unakuwa tofali. Changanya na mchanga na samadi ya mbuzi iliyokaa, si mbichi, mbichi inaunguza mizizi. Kila baada ya mavuno udongo hushuka, kwa hivyo Septemba na Oktoba, kabla ya vuli, ndio wakati wa kuongeza samadi na kuchimbua. Watu wengi hawafanyi hivyo. Wanapanda mwaka wa pili kwenye udongo uliochoka, kisha wanalaumu mbegu.

Lingine dogo: inua kasha juu ya matofali. Mchwa wa Voi hawana mchezo na mbao. Na magunia ya nailoni jua huyachana, kwa hivyo usishangae likipasuka kabla ya mwaka kuisha.

Sasa wenye nyumba. Kuna ploti ambazo msimamizi akiona kasha anasema toa, linaleta mbu na unyevu ukutani. Kuhusu mbu ana hoja, kama umeweka beseni chini na maji yanakaa humo wiki nzima. Toboa matundu, tupa beseni, liache kasha hatua moja kutoka ukutani. Ukishafanya hivyo na bado anakataa, huyo anataka tu ua wake ubaki saruji, na nadhani wapangaji wa ploti moja wakienda kuzungumza naye pamoja watasikizwa kuliko mmoja mmoja. Wanaolipa kodi kila mwezi hawaombi kuchimba kisima, wanaomba nafasi ya mita moja.

Na masika yakija, Aprili hivi, usichume yote. Acha shina moja la mchicha likue, litoe maua na kukauka, kisha likung'ute juu ya gazeti. Mbegu zake zinatosha kasha lako na la jirani, na hizo tayari zimelizoea jua la hapa.