Fungu la Nyumbani Kwanza



Mimi karani huandika hesabu za mazao yanayouzwa, nami hufurahi yakizidi. Lakini yafaa kuuliza: watoto wameachiwa nini? Si busara kuuza maharagwe yote, kisha jioni watoto wapewe ugali mtupu. Mahindi peke yake hayatoshi kuujenga mwili. Yakiliwa pamoja na maharagwe hukamilishana.

Githeri ni chakula kamili cha sufuria moja. Usiku loweka mahindi na maharagwe, asubuhi mwaga maji yale, uchemshe mpaka yaive kabisa. Kuni hazitaliwa nyingi. Mwisho tia viazi, karoti na mboga za majani.

Nawe baba, usimlaumu mama kwa chakula hafifu ikiwa gunia la mwisho umelipeleka sokoni. Weka fungu la nyumbani, ndipo uuze.