Upekuzi si Uchamungu



Mwaka 1957 serikali ya Marekani ilimfukuza kazi Frank Kameny, mtaalamu wa falaki katika idara ya ramani za jeshi, aliyepata kupigana katika Vita Vikuu vya Pili. Hakuharibu kazi. Ilipekuliwa faragha yake, akatuhumiwa kuwa na mapenzi na wanaume wenzake. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ilikataa kumsikiliza, naye akashiriki kuasisi chama cha kutetea waliofukuzwa kama yeye. Serikali ilimwomba radhi mwaka 2009.

Hukumu ya Sharia juu ya tendo lenyewe inajulikana, wala hatuijadili hapa. Lakini Sharia hiyo hiyo, katika Suratul Hujurat aya ya 12, imeharamisha kupelelezana.

Baada ya mwaka 2001, Waislamu wa Marekani walipopelelezwa hadi misikitini, sote tulisema ni dhulma. Basi vipi leo wapo miongoni mwetu wanaochungulia madirisha na kupekua simu za jirani kwa jina la dini? Anayeijua dhulma pale tu inapomfika yeye, bado hajaijua haki.