Mgeni Njoo, Lakini Kwanza Bisha Hodi

Naomba nikurudishe nyuma hadi muhula wa kwanza, siku ile ya kikao cha chama chetu cha Kiswahili. Mwenzetu mmoja alikuwa ameleta jarida lenye picha za kaskazini-mashariki mwa India. Katika ukurasa mmoja kulikuwa na mzee wa kabila la Wakonyak. Uso wake ulikuwa umechanjwa chale za wino, masikioni ametia pembe za mnyama, na shingoni amevaa mkufu wenye vichwa vidogo vya shaba. Jarida likapita mkono kwa mkono. Jamani, kicheko kilichozuka hapo kilimfanya hata mpishi wa shule achungulie dirishani! Mmoja akasema, "Huyu akiingia bwenini usiku, mimi nahama shule." Mwingine akasema ati akipata pesa atakwenda huko awaone kabla hawajaisha, utadhani anawazungumzia faru.

Nakiri mbele yenu: na mimi nilicheka.

Dada mmoja wa kidato cha pili hakucheka. Alingoja tukanyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nyanya yangu yuko kwenye kalenda." Tukamwuliza kalenda gani. Akaeleza kwamba kampuni moja ya utalii, ambayo sitaitaja, ilichapisha kalenda, na katika mwezi wa Agosti ndipo alipo nyanya yake, amesimama mlangoni pa manyatta na shanga zake. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Jina lake halikuandikwa. Chini ya picha liliandikwa jina la kabila lake tu, basi. Mjomba wa dada huyu aliikuta kalenda hiyo imetundikwa dukani mjini. Alipomwambia mwenye duka, "Huyu ni mama yangu," mwenye duka alicheka akidhani anafanyiwa mzaha.

Kengele ikalia tukaenda kula. Lakini waama, siku hiyo githeri haikunipita kooni. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila nilichokipata kuhusu milima ile ya India na watu wake, na leo nataka kutoa rai yangu. Sisemi watu wasisafiri kwenda kuona watu wengine. Wahenga walisema tembea uone, nami naafiki. Ninachosema ni hiki: mgeni ni yule aliyebisha hodi akaitikiwa. Anayeingia bila hodi ana jina lingine, hata akiwa amelipa nauli ya ndege.

Kwanza tujue tunaongea juu ya nani. Kaskazini-mashariki mwa India kuna majimbo 8, yaliyoshikana na India nyingine kwa ukanda mwembamba wa ardhi ulio kati ya Nepal na Bangladesh. Moja ya majimbo hayo ni Nagaland, lililozinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 1963, na mji wake mkuu ni Kohima. Katika sensa ya 2011 lilikuwa na watu karibu milioni 2, yaani chini ya nusu ya wakazi wa Nairobi yetu. Lakini humo mna Waangami, Waao, Wakonyak, Walotha, Wasumi, Wachakhesang na wengine wengi, kila jamii na lugha yake. Wamishonari wa Kibaptisti kutoka Marekani walifika huko mwaka wa 1872, na leo Wanaga wengi sana ni Wakristo. Kwa hiyo yule mzee tuliyemcheka, huenda kila Jumapili yuko kanisani na kitabu cha nyimbo mkononi kama nyanya zetu tu.

Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna jambo la kujifunza hapo. Mwao na Mwangami, kila mmoja akisema lugha ya mamake, hawaelewani. Wakikutana sokoni mjini Dimapur hutumia Kinagamese, lugha iliyozaliwa kutokana na Kiassam cha majirani zao wa bondeni. Ofisini lugha rasmi ni Kiingereza. Kinagamese hudharauliwa na baadhi ya watu, ati ni lugha ya sokoni, lugha ya kubabaisha. Lakini bila hiyo muuza mboga hangemwelewa mnunuzi. Je, hadithi hiyo hamjaisikia mahali? Si ndivyo Kiswahili chetu kilivyodharauliwa?

Fauka ya hayo, babu zetu walifika karibu na huko kabla ya watalii wa siku hizi. Kati ya Aprili na Juni 1944, Waingereza na Wahindi walipigana na Wajapani vita vikali pale Kohima; makaburi zaidi ya 1,400 yako pale mpaka leo. Baadaye mwaka huohuo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa King's African Rifles, ile wazee waliyoiita Keya, ilipitia jimbo jirani la Manipur. Iliwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw nchini Burma, ambayo leo ni Myanmar, mvua ikiwanyeshea na matope yakiwafika magotini, hadi wakaingia Kalewa mwezi wa Desemba. Walikuwa wametumwa na mfalme asiyekuwa wao, kupigana katika nchi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Ndiyo maana nasema si kila safari ni ugeni.

Sasa tuje kwenye hodi yenyewe. Wanaga wana mlango. Kuna sheria ya mwaka wa 1873, iliyowekwa na Waingereza kwa faida ya biashara yao, inayomtaka mtu wa nje awe na kibali kabla ya kuvuka mstari wa milima. Waingereza walikwenda zao lakini mstari ukabaki. Leo hata Mhindi kutoka Delhi anahitaji kibali kuingia Nagaland, na wenyeji wengi wanautetea mstari huo kwa sababu unalinda ardhi yao. Aidha, katiba ya India inasema kuwa sheria ya bunge la Delhi inayohusu mila na ardhi ya Wanaga haitumiki huko mpaka bunge la Nagaland likubali. Wengine husema huo ni ubaguzi. Mimi naona ni mwenye nyumba anayetaka kujua nani anaingia.

Na mlango huo huwa wanaufungua wenyewe. Tangu mwaka wa 2000, kila Desemba, siku hizi tarehe 1 hadi 10, serikali ya jimbo huandaa tamasha la Hornbill, yaani hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa anayeheshimiwa katika ngano zao. Hufanyika Kisama, kama kilomita 12 kutoka Kohima. Kila jamii ina nyumba yake pale, iliyojengwa kwa mfano wa morung. Morung lilikuwa bweni la vijana, mahali walipofunzwa nyimbo, historia na ulinzi wa kijiji. Naam, hata wao walisoma shule ya bweni!

Kuna wanaolilaumu tamasha hilo, na lawama yao ina mashiko. Wakonyak husherehekea Aoling mwezi wa Aprili, Waao husherehekea Moatsu mwezi wa Mei, na Waangami wana Sekrenyi mwezi wa Februari. Ngoma yenye msimu wake na sababu yake ikiletwa jukwaani Desemba ili mgeni mwenye kamera aione kwa dakika chache, kitu fulani hupungua. Nakubali. Lakini angalia yaliyotokea mwaka wa 2021. Tarehe 4 Desemba, wakati tamasha linaendelea, wanajeshi wa India waliwapiga risasi vijana waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka machimbo ya makaa ya mawe karibu na kijiji cha Oting, nchi ya Wakonyak, wakiwadhania kuwa waasi. Ghasia zikafuata, na kwa jumla raia zaidi ya 10 wakauawa. Jamii kadhaa zilikataa kuendelea na tamasha, na serikali ya jimbo ikalifunga kabla ya siku zake kwisha.

Ngoma ikanyamaza. Watalii waliokuwa wamelipa wakafunga mizigo. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti, ndugu msomaji. Picha ya kwenye kalenda haiwezi kukataa kutazamwa. Mtu aliyekualika kwake anaweza kukuambia, "Leo tuna msiba, nenda urudi siku nyingine." Ukiona wenyeji wana uwezo wa kuisimamisha ngoma, jua kwamba ngoma bado ni yao.

Mfano mwingine ni kijiji cha Khonoma cha Waangami, karibu kilomita 20 kutoka Kohima. Watu wa Khonoma walikuwa wawindaji hodari, na mtu akimleta ndege mkubwa nyumbani alisifiwa. Wazee wao walipoona msitu unakuwa kimya, walijadiliana kwa miaka, wengine wakipinga vikali. Mwaka wa 1998 wakatenga sehemu ya msitu na kupiga marufuku uwindaji, hasa kwa ajili ya ndege mzuri aitwaye tragopan. Hawakulazimishwa na askari wa wanyamapori. Leo wageni hulala majumbani mwa wenyeji na kutembezwa na kijana wa kijiji, na kanuni ni za baraza la kijiji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndiyo maana yake.

Tugeuke sasa upande wa pili wa shilingi. Mbali na milima hiyo, India ina visiwa vya Andaman, wanakoishi Wajarawa, watu mia chache tu, waliokaa karne nyingi bila kuchanganyika na wengine. Barabara ilipasuliwa katika msitu wao, na magari ya watalii yakaanza kupita. Mnamo Januari 2012 gazeti moja la Uingereza lilionyesha video ya wanawake wa Kijarawa wakiamriwa kucheza ngoma ili wapewe chakula. Dunia ikashtuka. Hapo hapakuwa na mwaliko, kibali cha wenyewe wala ratiba yao. Kulikuwa na gari, dirisha na kamera. Kama huo ni utalii, basi mwizi naye ni mgeni wa usiku.

Najua baadhi yenu mtasema, "Lakini wanapata pesa." Wanapata, si haba, na sitambeza mtu anayemlipia mtoto karo kwa kuuza shanga. Lakini pesa za nani, na ni nani aliyepanga bei? Wengine mtasema kinyume, kwamba watu hao waachwe vilevile, wasiguswe, mila zisije zikafa. Hilo nalo nalipinga. Katika sensa ya 2011, watu wa jamii zinazotambuliwa kisheria kama makabila nchini India walizidi milioni 104. Miongoni mwao wamo walimu, wauguzi, wabunge, wakulima na wanafunzi wanaohangaika na hesabu kama mimi. Hawakuumbwa wawe jumba la makumbusho ili sisi tufurahi.

Kuhusu kicheko chetu cha siku ile, msidhani ni jambo dogo. Januari 2014, mwanafunzi mmoja kutoka Arunachal Pradesh, jimbo lingine la kaskazini-mashariki, alifariki mjini Delhi baada ya kupigwa. Ugomvi ulianza alipochekwa dukani kwa sura yake. Alikuwa katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe! Serikali iliunda kamati kuchunguza mateso ya watu wa eneo hilo mijini. Kicheko hakina mifupa, lakini huvunja mifupa ya watu.

Kwa hivyo nina ombi kwa chama chetu na kwa mwalimu mlezi. Mwaka ujao tunapanga ziara ya kuitembelea jamii moja ya wafugaji. Tusiende kama tulivyolitazama lile jarida. Tuandike barua kwanza, tungoje jibu, na jibu likiwa la kukataa tulikubali. Tujifunze salamu zao kabla ya kupanda basi. Tusimpige mtu picha kabla ya kumjua jina, na picha zikichapishwa humu jaridani, tuwapelekee nakala. Wakituuliza maswali kuhusu sisi, tujibu, maana na sisi tuna kabila, ingawa wengi wetu hujifanya kabila ni la yule mwingine.

Yule dada wa kidato cha pili amekuwa rafiki yangu. Likizo iliyopita alinisimulia mengi kuhusu nyanya yake: namna anavyokamua mbuzi akiwa amefumba macho, na namna alivyouza ndama ili mjukuu aje kusoma hapa. Jina lake sasa ninalijua. Sitaliandika hapa, kwa kuwa bado sijamwomba ruhusa.

Wakatabahu,
Mwanachama, Kidato cha Tatu