Tuache Kuchekana kwa Jimu

Kwa jimu tunahesabu pompe pamoja, na mwenye kuacha mbele ya wengine anachekwa. Mimi ninaona haiko vizuri. Kati yetu kuko wenye ugonjwa wa damu, ule SS. Kwao kuchoka sana na kukosa maji kunaweza kuleta maumivu makali ya mifupa, hata kifo. Wengine hawapendi kuusema mbele ya darasa, na ni haki yao. Hata mwenye afya, akipigishwa pompe nyingi bila mazoea, misuli inaweza kuharibika. Akiona mkojo mweusi kama kahawa, aende dispensere siku ile ile. Walimu wetu, tunaomba: anayeshindwa aachwe akae, ndoo ya maji iwe karibu. Na pompe za azabu ziishe.