Gari likipigwa tochi, hesabu ianzie shambani

Mavuno ya nyanya na matikiti bondeni Ruvuma yakipamba moto, simu ninazopokea si za kantangaze tu. Nyingi ni za mzigo: "Bwana shamba, gari limepigwa tochi, soko tumelikosa." Kisha yanafuata malalamiko kwamba tochi inaonea, imesoma gari la nyuma, trafiki kajificha chini ya mwembe. Leo nasema ninavyoona, na najua wengine hamtapenda.

Tochi ya leza inapima umbali, basi. Inatupa mapigo ya mwanga usioonekana kwa macho, yanagonga gari na kurudi. Mwanga unakwenda kilometa 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi kwenye lori lililo mita 300 ni sehemu mbili tu za milioni za sekunde. Kipimo kinarudiwa mara nyingi, na jinsi umbali unavyopungua ndivyo mwendo unavyojulikana. Yote hayo hayafiki sekunde moja. Fuso iliyo kwenye 80 inasogea mita 22 kila sekunde. Dereva akimwona trafiki ndipo akanyage breki, namba imeshasomwa zamani.

Hilo la gari la nyuma nalo ni gumu kulikubali. Mwali ni mwembamba, kwa mita 300 upana wake ni kama mita moja hivi, hivyo trafiki anachagua gari analolitaka. Na yule wa chini ya mwembe? Akikupima kutoka pembeni, tochi inasoma mwendo mdogo kuliko uliokuwa nao. Huo mwembe unakutetea wewe!

Jambo moja nakubaliana nanyi. Tochi ingekaa zaidi karibu na shule na magulio, wanakovuka watoto na kina mama, kuliko kwenye pori ambako kibao cha 50 kimesahaulika na nyumba hakuna.

Lakini nani anamkimbiza dereva? Mnavuna saa nane mchana jua likiwaka, mnapakia saa mbili usiku, halafu mnamwambia alfajiri awe Ilala. Jamani, Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilometa 550, na kabla ya hapo kuna njia ya kutoka bondeni. Hapo mmeshamwagiza avunje sheria, hata kama hamkutamka.

Na anachookoa ni nini? Kijiji cha kilometa mbili, kwa mwendo wa 50, kinapitwa kwa dakika 2 na sekunde 24. Kwa 80 ni dakika moja na nusu. Tofauti sekunde 54. Vijiji kumi, dakika 9. Nyanya gani inaoza kwa dakika 9? Ila lori la 80 linagonga kwa nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la 50, na anayegongwa ni mtoto wa mtu pale Mikindani au Mingoyo. Hata mzigo wenyewe, tuta moja likirukwa kwa kasi, nyanya za chini zimekuwa rojo.

Mimi naona hivi. Vuna alfajiri, saa tatu asubuhi uwe umemaliza, na uchume zile zinazoanza kugeuka rangi, maana safari ni ndefu. Ziweke kivulini, panga kwenye kreti zisipite ukingo (lumbesa ya nyanya ni kujiibia). Saa kumi jioni gari liondoke. Na dereva mwandikiane: saa ya kutoka, saa ya kufika, faini ya mwendo analipa nani. Ukichelewesha mzigo wewe, mpigie dalali wako umpe saa mpya ya kufika. Dereva usimpigie.