Kipande cha Ini ni cha Nani?

Katika nyumba zetu nyingi, chakula kinapopakuliwa, kipande kikubwa cha samaki huwekwa mbele ya baba, kinachofuatia hutengewa mgeni, na mtoto wa mwaka mmoja humwagiwa mchuzi juu ya ugali, kisha husogezewa kikombe cha chai ya rangi. Hakuna anayekusudia kumdhulumu. Hata hivyo twasema waziwazi kwamba mgao huo ni miongoni mwa sababu za upungufu wa damu kwa watoto wetu, na kwamba wenye uwezo wa kuubadili leo hii, pasipo kungoja serikali wala wafadhili, ni wanaume wenye nyumba.

Maradhi haya si ya wachache. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watoto wapatao 4 katika kila 10 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 duniani wana upungufu wa damu. Nchini Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 58. Yaani mtoto mwenye damu ya kutosha ndiye aliyekuwa mchache. Aghalabu mtoto huyu hadondoki ghafla. Hunyong'onyea, viganja vyake hupauka, hucheza kidogo, pengine hula udongo, nasi husema kwamba ni mpole. Wakati huo ubongo wake, ambao ungali unajengeka, wakosa madini ya chuma, na hasara hiyo huenda isifidiwe yote hata akitibiwa baadaye.

Mtoto aliyezaliwa kwa miezi kamili na kwa uzito wa kutosha huja duniani na akiba ya chuma aliyoipata kwa mama yake, nayo humtosha kwa takriban miezi 6. Kwa hiyo mama mjamzito anayeziacha kabatini tembe alizopewa kliniki humpunguzia mwanawe akiba hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo wakunga hushauriwa wasiharakishe kukata kitovu, bali wangoje angalau dakika 1, ili damu iliyobaki katika kondo imfikie mtoto. Baada ya miezi 6 anyonye kama kawaida, lakini maziwa peke yake hayamtoshelezi chuma. Hapo ndipo uji mweupe wa mahindi au muhogo unapotuhadaa: mtoto hushiba, hata hunenepa, na damu haipati cha kujengewa.

Chuma kilichomo katika ini, nyama na samaki hufyonzwa na mwili kwa wepesi kuliko kile cha mchicha, kisamvu na maharage. Ini la kuku lililoiva vizuri na kupondwa, au dagaa waliosagwa na kutiwa katika uji, si vyakula vya matajiri. Asiyevipata ampe mtoto mboga za majani na kunde pamoja na kipande cha chungwa, embe au papai, kwani matunda hayo husaidia chuma kufyonzwa. Chai hufanya kinyume chake, na mtoto mdogo hana haja nayo. Ama wale wanaoamini kwamba kila kinywaji chekundu huongeza damu, twawaambia kwamba rangi haina kazi hiyo. Juisi ya choya ni nzuri, lakini haishiki nafasi ya dagaa.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni desturi ya kumwona mtoto amepauka, kisha kukimbilia dukani kununua dawa ya kuongeza damu bila ya kipimo chochote. Kisiwani Pemba, wakati malaria ilipokuwa imeenea sana huko, ulifanywa utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 24,000. Mwaka 2003 utoaji wa chuma katika utafiti huo ulisimamishwa, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 yalionesha kwamba waliopewa chuma pamoja na asidi ya foliki walilazwa hospitali au kufariki kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Lakini katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria kwa ukaribu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Kwa hiyo dawa hiyo si sumu, wala si peremende: penye malaria, itolewe sambamba na chandarua chenye dawa, kipimo na tiba.

Aidha, chakula kizuri hakifui dafu iwapo damu yenyewe yavuja. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu mtupu, ikakaa utumboni na kunyonya damu. Kinga yake ni choo kinachotumiwa na kila mtu, viatu miguuni, na dawa ya minyoo kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Selimundu nayo hurithiwa kwa wazazi wote wawili, wala haiondolewi na ini.

Kliniki ya watoto tumewaachia akina mama peke yao, hali fedha ya nauli na ya samaki i mifukoni mwetu. Baba afuatane na mwanawe safari ijayo, aulize kiwango chake cha damu, na aombe kipimo iwapo hakijafanywa. Hutolewa tone moja tu kidoleni. Na jioni hiyo, kabla ya yeye kunawa mikono, ini liwekwe kwanza katika sahani ndogo.